Manukato ya Kuongea na Esta

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimewaficha watoto jambo moja. Kila jioni, kabla ya kumpigia Esta simu ya video, najipulizia manukato. Yeye yuko Louisville, mimi Buffalo, Marekani hii hii. Hawezi kuyanusa. Yeye mjane, mimi mwalimu mstaafu, mgane. Leo chupa imeisha. Tumeongea kidogo tu. Kutwa alikuwa akiogesha wazee kazini, amechoka.

Jumatano, 8 Oktoba

Daktari amesema moyo umechoka. Imebaki miezi, si miaka. Neema, binti yangu, alikuwa akinisubiri garini. Nimemwambia ni presha tu. Sikuhisi kitu. Nimekula wali.

Jumamosi, 11 Oktoba

Neema amenipeleka madukani, Cheektowaga. Wiki ijayo ni arusi ya mpwa wa Esta, Columbus. Tutaonana huko.

Muuzaji alipulizia vikaratasi. Cha kwanza ndimu: sabuni ya vyombo. Cha pili moshi na ngozi, kilinikwaruza koo. Cha tatu vanila, mdalasini, tumbaku kidogo, kama asali iliyopashwa moto. Nilibaki nacho mkononi. Muuzaji akasema hiyo ni ya wanaume, ya jioni za baridi.

"Papa, hii iko tamu sana," Neema akasema. "Utavuta nyuki."

"Buffalo kuko nyuki mwezi wa kumi?"

"Bon, basi wajane."

Nilicheka ili asinitazame usoni. Nikainunua.

Jumanne, 14 Oktoba

Ngozi ya uzee ni kavu, harufu haikai. Dawa yake: mafuta ya mgando kwanza, shingoni na nyuma ya masikio, ndipo kupuliza. Mara mbili, basi. Mwanzoni ni kali. Baadaye mdalasini unatulia, inabaki vanila na joto.

Najipulizia ili nijione mchumba, si mgonjwa.

Esta ameniuliza: watoto wake wakikubali, ahamie kwangu? Ataacha kazi. Ataacha wajukuu. Nimejibu tutaongea Columbus. Habari ya moyo sikuigusa.

Jumamosi, 18 Oktoba. Columbus

Njia ndefu. Miguu imevimba, viatu vimeingia kwa shida. Ukumbi umejaa, kwaya ina sauti kubwa.

Esta alikuja mezani kwangu, akainama kunisalimu, akachelewa kuinuka.

"Mwalimu, kwa harufu hii, bibi arusi atamuacha bwana wake."

Wanawake nyuma yake wakacheka. Hata mimi nilitabasamu. Nilisubiri furaha. Haikuja.

Kisha akaninong'oneza kwamba watoto wamekubali. Jumatatu ataaga kazini. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Mimi na Neema tumerudi Buffalo.

Asubuhi, kabla ya kuachana, nilimwomba Esta tukae kidogo kwenye benchi nje ya hoteli. Nikamwambia alichosema daktari. Hakulia.

"Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia.

"Na ukaniacha nifunge mizigo. Sasa mimi ningekuja kuwa nani kwako, Mwalimu?"

Alingoja jibu kwa heshima, kama mtu anayengoja mzee ameze chakula. Kisha akanifunga kifungo cha koti na kwenda kwenye gari la mwanawe. Wakashika njia ya Louisville.

Neema yuko jikoni, anakaanga vitunguu. Mvua inanyesha.

Jibu nilikuwa nalo pale kwenye benchi. Nilitaka mtu aliyezoea wazee, asiyeona kinyaa, awepo siku yangu anifumbe macho. Sikumpenda.