Usimtumie Mama Kopo Jingine

Nyumbani kwa Mama,
Mtaa wa nyuma ya tanuri la mikate.
Jumapili jioni, tarehe 16 Machi.

Mpendwa Kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Wifi na wale watoto wangu wawili ambao kila ukituma picha mmoja ameota jino na mwingine amelipoteza. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulilalamika kwamba kiti cha ofisini kinakuumiza. Mimi sijambo, mikono ina malengelenge yake ya kawaida ya tanuri, na mvua imeanza kuonja bati. Mama naye yupo, anaota jua mlangoni. Majuma machache yaliyopita nisingethubutu kuandika sentensi hiyo.

Nimechukua kalamu kwa sababu kwenye simu hunikata kauli, na kwenye kikundi cha familia nikiandika neno zito Dada hulifunika kwa picha ya waridi. Karatasi haikatizwi. Isome mpaka mwisho ndipo ukasirike. Mimi nimekwisha kutangulia.

Dada alikuambia Mama alichoka kidogo, akalazwa apumzike. Huo ni uongo wa adabu, na mimi adabu ya namna hiyo imenishinda. Mama alilazwa kwa sababu wanawe walimpenda kwa vidonge mpaka akasahau jina langu. Sasa nikueleze kwa utaratibu, maana najua utasema nimeongeza chumvi.

Unakumbuka alivyovunjika kifundo cha mkono mwaka juzi. Hakuanguka, hakugongwa, alikuwa anafungua dirisha la jikoni lililokwama. Hospitali wakampima mifupa, wakasema imepungua na kuwa dhaifu, mfupa kwa nje ni mzima lakini ndani una matundu kama mkate uliozidi hamira. Daktari akampa kidonge kimoja cha kumeza kila Jumatatu. Masharti yake ni magumu: akimeze akiamka tu, tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu, kisha akae wima nusu saa bila kulala, bila kula, bila kumeza kitu kingine chochote. Akilala, kidonge kinaweza kumchoma koo. Akila, kidonge hakifanyi kazi. Haya yote nilikuandikia kwenye simu wakati ule ule, ukanijibu kwa kidole gumba.

Halafu mapenzi yakaanza kumiminika. Wewe ukatuma lile kopo kubwa la kalsiamu lenye picha ya bibi wa mvi anayeruka kamba. Dada akaleta unga wa mifupa wa kukoroga kwenye maziwa, akasema ni wa asili. Mdogo wako fundi magari, ambaye huwa haleti hata pilipili, akaleta vichupa vya vitamini D kali, vile ambavyo mtu hunywa kimoja kwa mwezi. Kila mmoja akapiga picha kopo lake, akaliweka kwenye kikundi, akapongezwa. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe ametuma nini, na hakuna aliyemwuliza daktari. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na chombo chenyewe safari hii ni mama yetu.

Na wewe unamjua Mama. Tulipokuwa wadogo, tukirudi shuleni na michoro yetu ya ovyo, alikuwa anaibandika yote ukutani kwa mpangilio wa kuzaliwa, wako kwanza, wangu mwisho karibu na mlango. Ukimletea embe na Dada akaleta embe, atakula nusu ya hili na nusu ya lile, asije mtu akasema kapendelewa mwenziwe. Basi makopo nayo akayapanga dirishani kwa mpangilio huo huo. La kwanza la mzaliwa wa kwanza. Kila asubuhi akawa anachukua kitu katika kila kopo bila kuruka mtoto. Hata vichupa vya fundi vya kila mwezi alivinywa kila siku, kichupa kisije kikajiona yatima. Vikiisha, fundi analeta vingine, kifua mbele, akisema ameona Mama anavipenda.

Mimi hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka, maana mikate haimsubiri mtu. Sikuwa naona. Nikirudi mchana nakuta makopo yamepangwa vizuri na Mama amefumba macho kwenye kiti, nadhani anapumzika.

Ikaja kiu. Mama akawa anakunywa maji mpaka mtungi unakauka, na kila saa yuko msalani. Choo kikubwa nacho kikagoma, siku baada ya siku. Mkate wangu akawa anausogeza pembeni, yeye aliyekuwa akinigombeza nikirudi bila ncha ya mkate yenye ukoko. Nikasema ni uzee. Dada akasema ni mawazo. Wewe, Kaka, nilipokupigia kukuambia Mama amekosa nguvu, ulisemaje? Ulisema aongeze kidonge, ameze viwili viwili, eti hiki ni chakula tu, si dawa, hakiwezi kumdhuru mtu. Mama alikuwa kando yangu na simu iko kwenye spika. Aliitikia kwa kichwa kama mtoto aliyepewa kazi na mwalimu.

Siku yenyewe, jirani yetu mshona viatu alikuja mbio mpaka mlangoni kwa tanuri, bado ameshika kiatu cha mtu mkononi. Nikaacha trei mezani nikakimbia na unga wangu usoni. Nilimkuta Mama sakafuni jikoni, anakunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja tena. Aliniangalia akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Funguo za nyumba tulikuja kuzikuta baadaye ndani ya chupa ya chai. Kaka, nimeungua na tanuri mara nyingi, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale.

Hospitali walimchoma sindano ya kuchukua damu, wakamtundikia dripu. Daktari, mwanamke mmoja mwembamba asiyepoteza maneno, akaniambia nirudi nyumbani nikalete kila kitu Mama anachomeza, nisiache hata majani ya kikohozi. Nikayakomba makopo yote dirishani nikayatia kwenye kiroba cha unga. Nilipoyamwaga mezani kwake, alianza kuligeuza kila kopo mgongoni, kwenye yale maandishi madogo tunayoyaona kama mapambo, akisoma kwa sauti. Kopo lako: kalsiamu na vitamini D. Unga wa Dada: kalsiamu na vitamini D. Vichupa vya fundi: vitamini D, tena nyingi kupindukia. Majina matatu, picha tatu, na ndani ni kitu kile kile kimerudiwa na kurudiwa. Juu ya hapo, mojawapo ya dawa zake za presha ni ile ya kukojoza ambayo huizuia kalsiamu isitoke mwilini.

Akaniuliza kidonge cha Jumatatu anakimeza saa ngapi. Nikamwuliza Mama, ambaye kwa bahati alikuwa amezinduka. Akajibu bila wasiwasi kwamba anakimeza asubuhi pamoja na vya watoto wake, kwa maziwa, kisha anajilaza kidogo.

Daktari aliweka kalamu chini. "Huyu mama hakukosa kalsiamu," akasema. "Mmemlisha mpaka imefurika kwenye damu, imezilemea figo, imemvuruga akili, na mifupa bado ina njaa."

Maana yake nilieleweshwa polepole, nami nakuelewesha wewe. Kalsiamu ikikutana tumboni na kile kidonge cha Jumatatu, hukishika kisiingie mwilini. Mwaka mzima na zaidi, dawa halisi ya mifupa imekuwa ikipita tu kama mgeni aliyekosa nyumba. Walimpima tena. Mifupa imezidi kupungua, na figo moja ina vijiwe. Hivyo ndivyo kopo la bibi anayeruka kamba lilivyomfaa mama yetu.

Sasa niache nikasirike kidogo, nimekaa na hasira hii muda mrefu. Nani alikuambia kwamba kitu kikiuzwa bila cheti cha daktari basi hakina makali? Na Dada na neno lake la asili. Uyoga wa sumu si wa asili? Nilimwambia hivyo mbele ya kitanda cha Mama, akalia, na sikumbembeleza. Mimi huoka mikate, Kaka. Hamira ndiyo inayouumua mkate, lakini ukitia mara tatu mkate hauwi mkubwa mara tatu, unavimba, unachacha, unaporomoka. Hilo analijua hata kibarua aliyeajiriwa jana. Wewe umesoma, una ofisi yenye zulia, na ukaona mwili wa mama yako ni gunia, kadiri unavyojaza ndivyo unavyosimama.

Lakini sitaki ukimbilie upande wa pili ukasema kalsiamu ni sumu, maana fundi tayari ameanza kuhubiri hivyo. Daktari hakusema hivyo. Alisema mtu mwenye mifupa dhaifu anaihitaji, ila kwanza ihesabiwe anayoipata kwenye chakula: maziwa, mboga za majani, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao. Kinachopungua ndicho kinachojazwa, kwa kipimo. Kwa Mama, vyote vilisimamishwa mpaka damu ikatulia. Sasa amepewa kidonge kimoja kidogo, anakimeza mchana pamoja na chakula, na damu itapimwa tena mwezi ujao. Kuanzia leo kitu chochote kipya, kiwe kidonge, unga, mafuta au majani, kinapita kwanza kwa daktari au kwa mfamasia wa pale kona, na makopo mengine yote yanakwenda pamoja nacho ili yaonekane. Jioni tunatembea naye mpaka kwa mshona viatu na kurudi, kwa sababu mifupa nayo inataka kazi.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Juzi nikibadilisha mashuka nikahisi kitu kigumu ndani ya foronya. Lilikuwa kopo lako. Kiroba kiliporudi nyumbani, la Dada alilitoa bila neno, vichupa vya fundi alivitupa mwenyewe. Lako amelilalia.

Nilitaka kufoka, Kaka, na nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi. Mama akaniomba niketi. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Hawa wenzako nawaona. Yule simwoni. Hicho ndicho kinachokuja kwake, nikikiacha nitakuwa nimeukataa mkono wake."

Hasira yangu ilikosa pa kukaa, nikaketi nayo tu. Ndipo nilipoelewa kwamba kila asubuhi Mama hakuwa anameza kalsiamu. Alikuwa anakupokea. Mimi namwambia aache, daktari anamwambia aache, na yeye anaitikia, kisha usiku anaingiza mkono ndani ya foronya. Hakuna duniani mwenye uwezo wa kumtoa katika hilo isipokuwa wewe.

Na jana, juu ya yote hayo, nimeona ujumbe wako kwenye kikundi kwamba kifurushi kingine kiko njiani, eti hiki ni cha nguvu zaidi. Kikifika nitakipeleka kwa mfamasia moja kwa moja, Mama hataona hata kamba yake. Sikuombi ruhusa.

Ninachokuomba ni kitu ambacho hakiuzwi. Jumatatu ya kwanza baada ya barua hii kukufikia, na kila Jumatatu baada ya hapo, nitamwekea Mama maji na kile kidonge kando ya kitanda, kisha nitakwenda tanurini. Atakimeza. Baada ya hapo ana ile nusu saa ya kukaa wima, peke yake, gizagiza, hana cha kula wala cha kufanya, na usingizi unamvuta. Hapo ndipo anapojilaza. Mimi siwezi kuwepo, Dada yuko mbali na nyumba hii saa hizo, na fundi haamki hata nyumba ikiungua. Kwako wewe ni saa ambayo uko macho, umeniambia mwenyewe kwamba ndipo unapokunywa kahawa yako.

Mpigie. Umwambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba vidonge vya kopo lako aviache, na kwamba hujakataliwa. Halafu uzungumze naye nusu saa nzima. Mwambie habari za watoto, mlalamikie kiti chako, mwache akugombeze. Asilale. Akisikia sauti yako hatalala.

Nisalimie Wifi, mwambie simlaumu kwa lolote, yeye alibandika anwani tu. Wabusu watoto kwa niaba yangu, shangazi yao: yule Mwanasheria Mdogo anayebishana na kila mtu, na mdogo wake Kipara. Dada anakusalimu, bado amevimba. Fundi anakusalimu, ana mafuta mpaka masikioni. Mshona viatu naye amesema nikuandikie kwamba kile kiatu kilimfikia mwenyewe.

Mungu akulinde ulipo, akupe mgongo wenye nguvu na moyo unaosikia. Kopo lako nimeliosha, nimelirudisha dirishani mahali pake pa kwanza, na vidonge vimekwenda kwa mfamasia. Ni tupu. Mama anajua. Anasubiri Jumatatu.

Mimi wako nikupendaye, hata leo,
Kitinda mimba wenu.