Kibanda cha Mama Awino hakijafungwa

"Soko ni mahali pa bei tu. Mengine yote ni hisia." Ndivyo alivyoniandikia jana mwenyekiti wa kamati ya soko letu hapa Thika. Leo ni Jumanne, kuna baridi na manyunyu, na nashangaa kwamba sina hasira.

Kawaida ningemjibu kwa kurasa tatu. Badala yake nilivaa koti nikaenda sokoni.

Mama Awino wa mtaa wa Kamenu, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, yuko kwao Busia wiki ya pili sasa, anamuuguza mamake. Kamati imetunga kanuni mpya: kibanda kikikosa mwenyewe siku saba, kinapewa atakayelipa kodi kubwa zaidi. Orodha ya watakaopoteza vibanda itabandikwa Ijumaa. Jina lake limo.

Lakini kibanda hakijafungwa hata siku moja. Wanjiru, jirani yake wa viazi, anamuuzia. Hakuna aliyemwajiri. Hapa ndivyo tunavyoishi: mwenzako akienda kuuguza au kuzika, unauza chake pamoja na chako.

Nilimkuta Wanjiru ameinama juu ya omena, anatenga zile ndogo kando, vile anavyochagua viazi.

"Ai, shosho, si zote ni ndogo?" mteja alimcheka bibi huyo. "Ukimaliza kuchagua utabaki na gunia tupu!"

"Wewe nyamaza. Mimi hata sizili. Lakini Mama Awino hatarudi asikie ati niliuza takataka." Akampimia, kisha akamwongezea konzi moja ya bure.

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Halafu nikaona aibu.

Miaka yote hii nimeupiga vita ubepari kwa kalamu, na sijawahi kuandika neno moja kuhusu konzi hiyo. Nami pia niliamini soko ni bei tu. Mwenyekiti anaifurahia bei, mimi naichukia, basi.

Bei imekuwepo sokoni siku zote. Jipya ni kuuza nafasi ya mtu aliyeenda kuuguza mamake. Dadangu anauza nguo Ruiru, kwenye jengo lenye kanuni kama hiyo. Akishikwa na homa, huenda kazini nayo. Aliye kibanda cha jirani anasubiri tu akose kufika, achukue nafasi yake.

Wanakamati, najua mnausoma ukurasa huu. Futeni jina la Mama Awino kabla ya Ijumaa. Mkishindwa, msibandike karatasi ukutani na kwenda zenu. Njooni kibandani mmwambie Wanjiru uso kwa uso, akiwa ameshika kipimo cha omena, kwamba kibanda si cha Mama Awino tena.