Spika za Baba Zimeshindwa

Baba,

Spika zako zimeshindwa. Nakuambia mimi mwenyewe, kabla hajafika huko mtu mwingine wa mtaa wetu wa Kaptembwo akakupa habari hii ikiwa imetiwa chumvi. Usinune kwanza. Nisikilize hadi mwisho.

Tangu tukuzike, mitambo ya sauti ya kanisa iko mikononi mwangu. Wapo waliosema msichana hawezi kubeba yale masanduku yako ya mbao. Nimeyabeba. Nimeyapeleka harusini Gilgil na mazishini Salgaa, na nikifika watu huniuliza fundi yuko wapi, nami nimeshika nyaya mkononi. Nawajibu kwamba fundi ni mimi, binti ya fundi. Hapo huwa natembea kwa madaha kidogo, nisamehe.

Basi wazee wa kanisa wakataka spika mpya. Akaja kijana wa duka moja la mjini, viatu vinang'aa, maneno mengi. Akaziweka zake kando ya zako, akapiga wimbo uleule kwa zote. Kanisa zima likakubali kwamba mpya ni bora. Mimi nilicheka moyoni, maana nilikusikia kabisa ukisema, "Nafula, kelele si utamu." Zake alikuwa amezifungulia sauti zaidi. Nikamwomba mchungaji nafasi. Nikawa nakwenda mlangoni kusikiliza na kurudi kwenye miksa kupandisha hii na kushusha ile, kama ulivyonifundisha, hadi sauti zikalingana. Kisha nikazifunika zote kwa shuka.

Ungefurahi, Baba. Wimbo ni uleule, ila sasa hakuna aliyekuwa na uhakika. Vijana wengine wakachagua zako wakidhani ndizo mpya. Mama Prisca, kiongozi wa kwaya ya akina mama, akasema za kushoto zina sauti yenye joto. Nikazibadilisha upande bila yeye kuona, naye akasema bado za kushoto zina joto. Kijana wa duka akaanza kufuta jasho.

Maisha yako yote ulisema hivyo: spika mpya ni tamaa ya macho, mtu hupenda alichozoea, mengine ni porojo. Ningeishia hapo ungekuwa umeshinda, na mimi nilitaka ushinde. Mchungaji alikuwa ameshasema watafuata neno langu.

Lakini kazi haikuwa imeisha, na wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Unakumbuka kwenye matanga, kabla watu hawajajaa, ulivyompa maiki bibi mmoja wa boma lenye msiba asome majina ya ukoo wao? Wewe ulikwenda kusimama nyuma kabisa, karibu na wanaopika chai. Nilikuuliza kwa nini usijaribu kwa wimbo. Ukaniambia, "Wimbo watu wanajua, masikio inajijazia. Jina la mtu hujui, huwezi bahatisha. Na mtoto wa marehemu jina lake isiposikika, hiyo hasahau."

Nikampa Mama Prisca maiki. Akasoma majina ya watu wa kwao Bungoma, ambao hapa hakuna anayewajua, na walioketi nyuma wakawa wanayarudia. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, nawe unaijua mvua yetu ya mchana. Kwa spika zako, watu wa nyuma walibahatisha, wakakosea, wengine wakanyamaza. Kwa zile mpya waliyarudia bila shida. Sikukubali. Nikazipandisha zako juu ya meza, nikazigeuza huku na huku, nikafanya kila ujanja wako ninaoujua. Zikasaidika kidogo tu.

Niliumia. Mbao zile uliziranda mwenyewe hapo uani, nikiwa nakushikia upande mmoja. Lakini nilisimama mbele ya watu wote nikasema, "Kwa nyimbo, kila mtu na masikio yake. Kwa maneno, hizi mpya ni bora, na hayo si maoni." Kijana wa duka akaja mbio kunishika mkono. Nikamwambia aache kuwadanganya watu kwa kufungua sauti.

Zako hazijatupwa. Akina mama wamezichukua kwa mazoezi ya kwaya, wanasema bila hizo hawajisikii wakiimba. Waache, ni haki yao, na sitawapima tena.

Baada ya ibada mzee mmoja aliniuliza kama sioni haya kumwangusha baba yangu hadharani. Haya ya nini? Ungekuwepo ungepima vivyo hivyo, ungenuna hadi jioni, halafu ungesema ukweli. Nilitembea kwenda nyumbani nimeinua kichwa, machozi yakinitoka, na sikuyafuta. Ulitengeneza vitu viwili maishani mwako, Baba: spika zile, na masikio haya. Spika zimeshindwa. Masikio yamefanya kazi uliyoyafundisha, hata ilipokuwa dhidi yako.

Nakuahidi sitampa mtu kelele nikaiita ubora. Na siku akija wa kunishinda mimi, nitasawazisha sauti kwanza, kisha ninyamaze nisikilize.

Pumzika, fundi wangu. Kazi iko salama.

Binti yako,
Fundi Nafula