Matope Kwenye Viatu Vyangu

Jumapili jioni

Bado nimeudhika kidogo, na sijui nani kaniudhi.

Tulipokuwa tukifanya midahalo ya shule, mwenzangu Kemunto alitazama viatu vya mwamuzi kabla ya lolote. Vikiwa vinang'aa, alininong'oneza, "Huyu mpe hoja kwa nambari." Vikiwa na matope, "Huyu ametoka shambani. Weka karatasi chini, msimulie." Tulishinda hadi shule za Suneka zikatuchoka.

Leo mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi, huko Kebirigo. Nilikuwa nimepitia kwanza kwenye shamba langu la majani chai, nikaja na viatu vya matope. Mada ilikuwa simu shuleni. Msichana mmoja alisimama na hoja zake, akatazama miguu yangu, akakunja karatasi.

"Mheshimiwa, mama akinyeshewa akichuma majani, mimi niliye bwenini nitajuaje kama alifika nyumbani?"

Nilitaka kumwambia mimi nilikuwa bingwa, anipe nambari zangu! Lakini nilimsikiliza hadi mwisho. Nikampa ushindi.

Nimepiga picha ya viatu, nikamtumia Kemunto. Miaka mingi hatujaongea.

Amejibu papo hapo: "Huyu ametoka shambani. Weka karatasi chini, nisimulie."