Sahani ya mutu wa nyota

Dada Furaha,

Mi niko Lilongwe, nimechoka mpaka kwenye mifupa. Asubuhi nilitafsiria pasta pale kambi ya bakimbizi ya Dzaleka, kisha nikapanda kabaza, ile baiskeli ya kubeba batu, kisha basi, kwa sababu huku mutaa wa Area 47 banaonyesha sinema ya kile kitabu chetu cha picha, cha mutu mwenye alipotea kwenye nyota. Ni filamu ya zamani kabisa, rulo ya mukanda inazunguka, mashini inalia kama ile ya mama ya kushona.

Unakumbuka kurasa za mwisho zilikatika? We ndo ulikuwa unatuambia: alirudi kwao, akakuta sahani yake imefunikwa, sombe ya majani ya muhogo ingali moto. Kumbe ulituongopea! Kwenye sinema anabaki kule peke yake.

Nilikuja na jirani yangu, mama Murundi, hasikii Kingereza. Kwa mazoea ya kanisa nilimutafsiria kwa sauti, hata benye walikuwa nyuma yetu bakanyamaza kusikiliza. Mwishoni mama akaniuliza, "Sasa yule mutu wa nyota anasema nini?"

Nilikuwa nimechoka sana, dada. Nikamujibu, "Anasema anarudi kwao. Sahani yake imefunikwa."

Mama akapiga makofi.

Ukumbatie batoto bote. Na sahani yangu uifunike vizuri.

Mudogo wako, Bahati