Dole Nililokutumia Jumamosi

Kamwene, Madam.

Hii barua naisema mimi Festo, anayeandika ni mdogo wangu Anitha. Tumekaa nje, kitunguu tumeshamwagilia, jua bado lipo. Nimemwambia aandike yeye kwa sababu mwandiko wangu mbaya. Kaitika tu, kachukua daftari.

Sijui naanzia wapi. Ngoja nikupe habari za shule.

Darasa lako wamempa mwalimu mwingine, kijana, katokea Mbeya. Groupu la wazazi analiendesha yeye. Linki za maswali anatuma, watoto wanabonyeza majibu, rangi wanaziona kama kawaida. Ila yeye anaandika tu. Habari ndefu, unashusha na kidole haziishi. Wewe ulikuwaga ukiandika, chini yake unaweka na voisi, maneno yaleyale: "Wazazi wangu, kamwene. Leo ni maswali kumi ya hesabu. Mtoto akibonyeza ikawa kijani, mpongeze. Ikawa nyekundu usimpige, mwambie arudie." Nilikuwa nadhani unapenda tu kuongea. Sasa hivi ndio naelewa ulikuwa unaongea na nani.

Anitha akibonyeza, mimi nilikuwa naangalia rangi tu, Madam. Ikiwa kijani nasema safi. Ikiwa nyekundu nasema angalia vizuri. Anitha alijua kaka yake hesabu zote anaziweza.

Nakumbuka ulivyokuja shambani ukakaa juu ya kiroba cha mbolea, unacheka peke yako na simu. Ukasema kuna mwalimu mwenzako wa Chunya, hamjawahi kuonana hata siku moja, mko naye kwenye groupu la walimu. Katuma maswali aliyoyatengeneza, yote ya dhahabu, gramu kadhaa wagawane wachimbaji wanne. "Festo, hawa wangu dhahabu wameionea wapi? Nihesabie gunia la kitunguu lina ndoo ngapi." Nikakuhesabia. Kesho yake dhahabu yote ikawa kitunguu, ukamrudishia na yeye. Akakujibu kwamba watoto wake wanauliza kitunguu kinachimbwa kwa sururu au kwa mashine. Tulicheka mpaka ukajifuta machozi na khanga.

Siku ile nilitaka kukwambia. Nikachukua jembe, nikarudi kwenye kitunguu.

Ndio nakwambia sasa. Mimi kusoma sijui. Shule niliacha darasa la tatu mama alipofariki, na hata huko nilikuwa nakaa nyuma, naangalia wenzangu wamefungua ukurasa gani na mimi nafungua huohuo. Namba nazijua. Meseji sisomi. Kwenye groupu nikiona wazazi wenzangu wameweka dole, ile alama ya sawa, na mimi naweka. Baadaye nikawa naweka wa kwanza kabisa, ili usinishtukie.

Anitha ameacha kuandika. Ameniangalia. Nimemwambia andika tu. Ameandika.

Jumamosi ile ulinitumia meseji mimi peke yangu. Nilikuwa kwenye majaruba ya kitunguu, mikono ina tope. Nikasubiri voisi ifuate kama siku zote. Haikuja. Anitha alikuwa kwaya, angerudi ningempa anisomee, kitu cha dakika moja. Lakini ningemwambia nini, wakati nilishamdanganya kwamba nasoma? Nikakuwekea dole. Nikaendelea na maji.

Jumanne ndio voisi ikaja. Sauti yako kama mtu anakwangua sufuria. "Festo, koo limenikamata, Jumamosi nilikuwa hata kuongea siwezi, ndio maana nikakuandikia. Jana nilikusubiri na pikipiki unifikishe barabarani niwahi gari ya Iringa, mpaka saa tatu. Yule daktari ni Jumatatu tu, basi nitaenda wiki ijayo. Najua ulipata dharura, mdogo wangu. Hamna shida."

Ulinipa nafasi kabisa. Ningesema hapohapo. Nikakujibu kwa voisi, "Samahani Madam, nilipata pancha."

Pikipiki ilikuwa nzima. Jumatatu yote ilisimama ukutani, na mafuta yamo. Wewe umekaa mlangoni na begi, umevaa koti, kila pikipiki inayopita unanyanyuka. Jirani yako ndiye aliniambia. Alinihadithia bila kujua kwamba ni mimi uliyekuwa unanisubiri.

Wiki iliyofuata nilikupeleka. Uliposhuka pale barabarani ukanishika bega, ukaniuliza, "Tairi umeziba vizuri lakini?" Nikasema ndio, Madam.

Miezi miwili baadaye tukakuzika. Watu wanasema ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi, wiki moja isingebadilisha kitu. Wanasema. Mimi sijui, na nadhani sitakuja kujua.

Msibani yule mwalimu wa Chunya alikuja, kalala njiani. Akawa anauliza watu, "Festo ni yupi?" Nikaenda nyuma ya turubai kwa wanaopasua kuni, wakanitoa. Akanishika mikono yote miwili mbele za watu. Akasema ulikuwa unawasimulia walimu kule mtandaoni, una kijana mkulima anamlea mdogo wake, meseji haikai dakika hajaijibu. "Tunakutolea mfano," akasema. Akanipa na namba yake. Mimi nikasema asante, Mwalimu. Madam, nikasema asante!

Hilo ndilo linanila. Wewe umeondoka, mimi huko kwa walimu wa Chunya na Mbeya bado ni mtu mzuri. Na leo inawezekana kuna mwalimu kaandika shida yake kubwa, kajibiwa dole, katulia anajua kasikika.

Voisi ya kumwambia ukweli yule mwalimu nimerekodi mara nne. Zote nimefuta. Ya kwanza niliongelea mvua mpaka ikaisha.

Anitha kasema kitu sasa hivi. Kasema, "Kaka, kumbe na mimi uliniambia pancha. Nikaenda kumwambia Madam tairi lilichanika kabisa." Analia. Kaniuliza kama na hilo aliandike. Nimesema andika.

Nisamehe, Madam. Najua ukisamehe utasema hamna shida, na shida ipo.

Nakuahidi voisi ya tano sifuti. Nitamwambia yule mwalimu kwamba Festo wenu hasomi, kwamba alikuacha mlangoni, na pancha haikuwepo. Awaambie wenzake, mzazi akiwa wa kwanza kujibu kila siku wasimsifu kwanza, wampigie waongee naye. Akinidharau ni haki yake. Na jioni, watoto wakimaliza maswali yao, nitamwomba Anitha anianzishie yale ya kusoma ya darasa la kwanza, hata akinicheka.

Kwaheri, Madam wangu. Upumzike. Anitha anataka kuweka kalamu chini anipe simu.