Tunashuka na Gia Sasa, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini nikianza kusema nawe bila shikamoo ungenikata jicho hata huko uliko. Niko nyumbani Kikatiti, nimekalia kigoda chako, na Mama yuko nje anapepeta mahindi. Ananisikia nikikwaruza kalamu wala haulizi namwandikia nani. Siku hizi haniulizi chochote. Nimemuudhi mkeo, Baba, na nimemuudhi kwa ajili yako.

Nianze na habari za huku. Vita bado. Petroli haiji tena kutoka Pwani, na ile iliyobaki Bwana mwenye magari ameifungia ghalani, ufunguo anatembea nao shingoni. Kila ninapopakia magunia ya kwenda Moshi ananipimia petroli kwa mkono wake mwenyewe, huku akinikumbusha kwamba marehemu baba yangu alikuwa akirudisha inayobaki. Hakosi kusema hivyo. Zamani akikusifu nilivimba kichwa. Sasa nachukua petroli yangu naondoka, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa kando yako siku ile, na najua ulivyokuwa ukiibakiza.

Gari lako lilitengenezwa. Walilivuta kutoka mtoni kwa maksai, wale wale uliowafundisha wewe. Nilisimama pale nikawatazama wakikaza shingo, nikaona haya, sijui haya ya nini.

Unakumbuka Bwana alipokutoa kwenye maksai akakupa motokaa? Watu walijaa karibu na boma kutazama. Ukapapasa boneti kama unavyompapasa ng'ombe mgeni, polepole, ukianzia mbali. Ulijifunza upesi, hilo hakuna anayebisha. Ila maksai hawakukutoka, Baba. Kwenye gari la maksai, mteremkoni mnyama hana kazi: breki ya nyuma inakazwa kwa mpini, mnyororo unalegea, wanyama wanatembea tu. Basi na motokaa ukaifanya vivyo hivyo. Ukifika juu ya mteremko unakanyaga klachi, unatoa gia, unapigapiga usukani kwa kiganja na kuiambia, "Pumzika sasa, umepanda vya kutosha." Gari linashuka lenyewe, breki peke yake ndiyo inashika. Petroli ilipoadimika ukawa unazima na injini kabisa. Bwana akakusifu mbele ya wenzako, na hapo ndipo usingeambiwa kitu na mtu yeyote, maana nawe ulikuwa mbishi kweli kweli.

Nami nilipenda, nisikudanganye. Tulishuka kimya hadi tukasikia migomba inapigana majani na wanawake wanasemana mashambani. Na ulivyopenda kumshtua Mama! Anageuka, uko mlangoni, mkono wako umeshaingia kwenye chungu kilichopoa. "Unakuja kama paka," alikuwa akikuambia. Tangu upewe motokaa hukula tena chakula cha moto nyumbani kwako, kwa kuwa hakuna aliyejua unafika saa ngapi. Ukasema ndivyo unavyokipenda.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha na mzigo ulikuwa mkubwa. Nilinusa breki zinaungua, nikakuambia zinanuka kabla wewe hujasema neno. Ukavuta gia irudi, ikakataa. Gari lilikuwa limeshakwenda mbio na injini imezimwa, meno ya gia yakasagana tu. Ukajaribu tena. Kisha ukaniambia, "Ruka." Hukupiga kelele, ulisema kama unavyoniambia nikufungulie mlango. Nikaruka kwenye migomba, nawe ukaukata usukani upande wa pili, mbali na nilipoangukia, ukabaki nao mpaka mtoni. Ile sauti ya meno naisikia hata nikiwa kanisani, watu wamefumba macho.

Msibani walisema ni breki. Mchungaji alisema breki, Bwana alisema breki, Mama akaishika hiyo breki kama fimbo ya kutembelea. Habari za gia hakuna aliyeniuliza. Nami nani, nisimame nyumbani kwako, kaburi bado bichi, niseme marehemu alikosea? Nikaona inatosha nishuke kwa namna yangu.

Namna yangu ni hii. Najua ungebisha, lakini leo nisikilize. Nikikaribia ukingo wa mteremko naachia mafuta mapema, sikimbilii halafu nikaja kukaba breki. Nafunga kibomba cha petroli chini ya tangi. Gia naiacha ndani, ya pili, au ya kwanza pakiwa pakali. Magurudumu yanaizungusha injini, na injini inalishika gari. Inalia, inanguruma, inakohoa mteremko mzima, lakini hainywi zaidi ya yale matone yaliyobaki bombani. Kabla ya mto nafungua kibomba, nayo inawaka yenyewe maana haikuwa imeacha kuzunguka. Petroli narudisha, ila si nyingi kama yako. Bwana ananung'unika. Mwache anung'unike.

Ningeendelea hivyo na siri yangu, Baba, kama si Baba Anaeli. Rafiki yako huyo, mliyelala wote chini ya gari moja la maksai mvua ikinyesha. Jeshi limechukua maksai wote, basi Bwana amempa ile motokaa kuukuu ya pili, akaniambia nimfundishe. Mtu mzima, aliyenibeba mgongoni, anikalie kimya nimwelekeze! Lakini alitulia, akajifunza vizuri kwenye tambarare.

Siku ya kwanza ya kuja naye huku, Mama alikuwa juu ya magunia pamoja na majirani wawili, walikuwa wametoka Arusha kumwona dada. Tulipofika juu ya mteremko wako nikaona mkono wa Baba Anaeli unatoa gia. Akanigeukia, macho yamemjaa machozi, akasema, "Tushuke kama marehemu."

Alikuwa anakupa heshima. Hilo nalijua, na ndilo linaloniuma. Nikavuta breki ya mkono kabla gari halijaanza kuteremka, nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia: "Baba yangu alikosea. Si breki iliyomuua. Alitoa gia."

Baba Anaeli akabaki anatazama mikono yake. Nyuma yetu nikasikia magunia yanasogea. Mama alishuka, akajifunga kaniki yake vizuri, akaanza kuteremka kwa miguu bila kunitupia jicho. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, hakugeuka. Hatimaye Baba Anaeli akasema taratibu kwamba nimwonyeshe hiyo gia. Nikamwonyesha. Tukashuka gari likilia, tukampita Mama kando ya barabara, ameinamisha kichwa, na mimi nimekaa kwenye kiti kama mgeni. Sijawahi kuuona mteremko ule mrefu kama siku hiyo.

Tangu hapo ananiambia ya lazima tu. Maji yako pale. Mbuzi amezaa. Majirani nao hawakulala na hadithi: mtoto gani huyu anamvua baba yake nguo mbele za watu? Huenda wanasema kweli. Nimekasirika nao, nimekasirika na Bwana na sifa zake, na wewe pia nimekukasirikia, Baba. Kwa nini hukunisikiliza nilipokuambia breki zinanuka? Halafu nikishakasirika nakukumbuka ulivyoniambia niruke.

Niliiacha barua hapa, sikuweza kuendelea. Leo ni siku nyingine.

Nataka kukuuliza jambo. Ulikuwa na nafasi ya neno moja tu pale mteremkoni, na neno lenyewe ukanipa mimi. Kama ningemwachia Baba Anaeli ashuke kimya, na Mama juu ya magunia, ningekuwa nimelifanyia nini neno lako? Nijibu hilo, hata ndotoni.

Jana nilishuka na mzigo kutoka Arusha. Nilipoingia ndani nikakuta ndizi zimepakuliwa, zinatoa moshi. Nikadhani ni bahati, nikala, Mama akaendelea na kazi zake. Leo nimekuja na Baba Anaeli, yeye na gari lake nyuma yangu, wala sikuwa nimemwambia mtu kwamba tunakuja wawili. Kwenye mkeka palikuwa na mabakuli mawili. Nikasimama mlangoni nikiyatazama. Mama hakuinua macho kutoka jikoni, akasema tu, "Nimewasikia mkiwa bado juu."

Basi, Baba. Sijui kama amenisamehe, na sitamuuliza. Wewe lala. Nakuahidi kwamba sitashuka kimya kwenye mteremko wako, na kila nitakayemfundisha nitamwambia ulipokosea, nikimaliza nimwambie na ulivyoukata usukani upande wa pili ili mwanao asipondwe. Yote mawili nitayasema, sitaacha moja.

Naishia hapa. Baba Anaeli amenawa, Mama ananiita nile kabla hakijapoa.

Mwanao